Panda wa London aliyelipiwa kwa twiga wetu

Najua wengi mnakimbizana na madesa wiki hii, lakini leo naomba niwape historia ambayo haitatoka kwenye mtihani. Chukua chai ya rangi na maandazi mawili, ni ndefu kidogo.

Chanzo chake ni picha. Jamaa yangu mmoja, mtoto wa Kigoma kama mimi, tulimaliza naye kidato cha sita, kisha akapata nafasi ya kwenda kusoma China. Juzi kanitumia picha yuko bustani ya wanyama ya Beijing. Nyuma yake kuna panda kakaa kitako kama mzee aliyeshiba ugali na migebuka, anatafuna mianzi bila habari na mtu. Chini kaandika: "Ndugu yangu, nimelipa kiingilio, nimepanga foleni, nimemwona dubu wa watu. Gombe hapo nyumbani sijafika hata siku moja."

Nikamjibu kwa utani kwamba sisi watu wa Kidahwe tumezaliwa njia panda, panda mwingine wa nini tena? Kwa asiyepajua, Kidahwe ndipo barabara inapogawanyika ukitokea Kigoma mjini, moja inakwenda Kasulu na nyingine Uvinza. Basi tukacheka yakaisha.

Ila swali likanibaki. Huyu mnyama kaingiaje vichwani mwa watu wa dunia nzima, mpaka mtoto wa Kigoma apange foleni kumwona wakati sokwe wa kwao hajawaona? Nikaenda maktaba (na intaneti, tusidanganyane). Nikakuta kitu ambacho sikuwahi kufundishwa kuanzia kidato cha kwanza mpaka hapa chuoni: panda aliyetikisa Ulaya kuliko wote katika karne ya 20 alilipiwa kwa wanyama wa Afrika Mashariki. Siyo mfano wa maneno, yaani alilipiwa kweli, mnyama kwa mnyama.

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu biashara hii ya wanyama kati yetu na Wachina ni ya zamani kuliko TAZARA, na ni ya zamani kuliko hata Mreno kufika pwani. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwenye jumba la mfalme wa China, Yongle, wakiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla, 1414, mfalme wa Bengal naye alikuwa amempelekea Yongle twiga, na twiga tunajua hazaliwi Bengal. Wachina wakamtazama yule mnyama, shingo ndefu, mpole, hali nyama, wakasema huyu ndiye Qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao anayetokea tu pale nchi inapotawaliwa kwa haki. Walimchora, na mchoro huo wa 1414 umenakiliwa na kutunzwa mpaka leo. Safari ya tano ya meli za Zheng He, ya mwaka 1417 hadi 1419, ndiyo iliyowarudisha nyumbani wajumbe wa nchi za mbali, na meli zile zikafika pwani yetu.

Angalieni jambo moja hapo. Twiga wa Malindi alikwenda kama zawadi ya dola kwa dola. Aliondoka na wajumbe, akapokelewa kwa heshima, akaandikwa. Ndiyo maana miaka 600 baadaye mwanafunzi kama mimi naweza kusema alitoka Malindi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa turuke mpaka karne ya 20. Wazungu walikuwa hawajawahi kuona panda hai kwao mpaka Desemba 1936, mwanamke wa Kimarekani, Ruth Harkness, alipoingia Marekani na mtoto wa panda aliyeitwa Su Lin. Watu walichanganyikiwa. Kila bustani kubwa ya wanyama ikataka panda wake. Baada ya 1949 Wachina wakafunga mlango, panda akawa wa kutolewa kwa rafiki tu. Mwaka 1957 wakampa Urusi ya wakati huo, yaani Muungano wa Kisovieti, panda aitwaye Ping Ping. Mmarekani yeye alikuwa adui, hakuna panda.

Ndipo anapoingia Heini Demmer, raia wa Austria, dalali wa wanyama. Bustani za Marekani zilikuwa tayari kutoa pesa nyingi kwa panda, lakini Beijing haikuwa na shida ya dola za Mmarekani. Ilikuwa na bustani yake ya wanyama na ilitaka wanyama ambao haina. Demmer akaelewa mchezo. Mei 1958 akafika Beijing na malipo yake: twiga watatu, vifaru wawili, viboko wawili na pundamilia wawili, wote wa Afrika Mashariki. Jumla wanyama tisa. Akaondoka na panda mmoja jike, mtoto bado, aliyeitwa Chi Chi.

Tisa kwa mmoja, wadau!

Nilipofika hapo nikakumbuka somo letu la kidato cha pili kuhusu biashara ya masafa marefu. Sisi wa Kigoma lile somo ni la nyumbani. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakakuta soko limeshachangamka zamani. Pembe za ndovu zinavuka ziwa kutoka Manyema, watumwa wanavushwa, chumvi ya Uvinza inapanda na kushuka, nguo na shanga zinatoka pwani. Ujiji walikuwa hata na shanga zao za kufanyia hesabu sokoni, sofi, vipande vidogo mfano wa shina la kiko lililokatwakatwa. Mwalimu wetu alikuwa akisema biashara ile ilitoa vitu vya thamani na kuingiza vya kupendeza macho. Sasa hesabu mwenyewe: Februari 1858 Mzungu anafika Ujiji, Mei 1958 twiga wetu wanafika Beijing. Miaka 100 na miezi mitatu, na mtindo ni uleule. Mali inatoka huku, dalali ni mtu wa mbali, na faida inapigiwa hesabu mahali pengine kabisa.

Tofauti ni kwamba safari hii mali ilikuwa inapumua.

Kama hujui wanyama wa namna hiyo walikamatwaje, tafuta filamu ya zamani inaitwa Hatari!, ya mwaka 1962, John Wayne ndani yake. Ilipigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha, na kisa chenyewe ni watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za nje. Utaona gari linamkimbiza kifaru, mtu kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Kitanzi kikishaingia shingoni kamba zinavutwa, mnyama anaangushwa, anafungwa miguu, anapandishwa kwenye sanduku. Ukitazama vizuri utaona vijana wa Kiafrika ndio wanaoshuka kushika zile kamba, wanaoning'inia kwenye pembe, wanaosukuma sanduku. Kazi ya hatari yenyewe ni yao. Lakini kisa kinamfuata aliyekaa kwenye kiti.

Na ndivyo ilivyo kwa wale tisa wa Demmer. Nimesoma sana habari za Chi Chi wiki hizi. Kila anayeandika anataja "twiga watatu, vifaru wawili, viboko wawili, pundamilia wawili" kama mtu anayesoma risiti ya dukani, halafu anaendelea na panda. Nani aliwakamata, nani aliwalisha njiani, waliishije Beijing, hayo hayamo kwenye simulizi. Wao walikuwa bei tu, na hakuna anayesimulia maisha ya bei.

Chi Chi sasa, huyo maisha yake yamesimuliwa mpaka alichokula. Demmer alitaka kumpeleka Marekani, serikali ya kule ikakataa kwa sababu walikuwa wamepiga marufuku bidhaa zote kutoka China ya kikomunisti, na panda naye akahesabiwa bidhaa ya kikomunisti (jamani!). Basi akazungushwa Ulaya kama kikundi cha sarakasi: Moscow, Berlin, Frankfurt, Copenhagen, mwisho London, Septemba 1958. London wakampenda, wakamnunua, inatajwa pauni 12,000. Watu wakapanga foleni na watoto wao. Mwaka 1966 akapelekwa kwa ndege Moscow kuolewa na panda dume aitwaye An An, ikashindikana. Mwaka 1968 An An akaletwa London, ikashindikana tena, na magazeti yanaandika kila hatua kama harusi ya mfalme.

Nimetaja Frankfurt kwa makusudi. Mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt wakati ule alikuwa Bernhard Grzimek. Jina hilo mlilisikia kwenye jiografia, maana mwaka huohuo 1958 yeye na mwanawe Michael walikuwa huku kwetu wanahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka rangi ya pundamilia. Michael akafa kwenye ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Filamu yao kuhusu Serengeti ikachukua tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye bustani yake ilimpokea panda aliyelipiwa kwa wanyama wetu ndiye aliyekuwa anaililia dunia kwamba wanyama wetu wanakwisha. Simsemi vibaya, na tutakutana naye tena mbele.

Mwaka 1961 mambo mawili yakatokea Septemba hiyohiyo moja. Arusha kulikuwa na mkutano mkubwa wa uhifadhi, na Nyerere, miezi mitatu kabla ya uhuru, akatoa tamko ambalo mpaka leo linaitwa Tamko la Arusha la wanyamapori (msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967, mtafeli). Kwa kifupi alisema wanyama ni sehemu ya maisha na riziki yetu ya baadaye, tutawatunza, lakini tutahitaji utaalamu na fedha za wenzetu. Ulaya nako, mwezi huohuo, likazinduliwa shirika la WWF la kuchangisha fedha hizo. Nembo yao? Panda. Wakamchora kwa kumtazama Chi Chi, na sababu mojawapo ni kwamba mnyama wa rangi nyeusi na nyeupe hachapishwi kwa gharama kubwa.

Mimi hapo niliweka kalamu chini. Twiga wanakamatwa Afrika Mashariki, wanabadilishwa na panda, panda anakwenda London, panda anakuwa nembo, nembo inachangisha fedha, fedha zinakuja Afrika Mashariki kuwalinda twiga. Mduara kamili! Na sisi kwenye mduara huo tumeonekana mara mbili, mwanzo kama mali na mwisho kama watu wa kusaidiwa. Katikati hatupo.

Sasa njooni Kigoma. Jane Goodall alitia nanga Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake na mpishi. Alichofanya yeye tofauti na wataalamu wenzake, na walimsema sana kwa hilo, ni kuwapa sokwe majina badala ya namba. David Greybeard, ambaye alimwona akitumia kijiti kuvua mchwa kutoka kwenye kichuguu. Flo, mama mwenye watoto wengi na sikio lililochanika. Fifi, bintiye. Jina lilifanya kazi kubwa kuliko bunduki ya askari wa wanyamapori, kwa sababu ni vigumu kumfunga kamba na kumpakia melini mtu unayemjua jina na mama yake.

Tazameni mwaka 1972. Aprili mwaka huo Washington walipokea panda wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing, zawadi ya China baada ya ziara ya Rais Nixon. Uadui ukaanza kuisha. (Sisi marafiki wa kweli kipindi hicho tulikuwa tunajengewa TAZARA, kilometa 1,860, kwa hiyo msione tulipunjwa, panda habebi shaba.) Julai 22 mwaka huohuo Chi Chi akafa London, wakamkausha, na mpaka leo yuko ndani ya kioo kwenye jumba la makumbusho ya viumbe pale London. Mwezi uliofuata akafa Flo, kando ya kijito cha Gombe. Gazeti la Sunday Times la London likamwandikia tanzia. Sokwe wa Kigoma, tanzia, London.

Bibi yangu ukimuuliza 1972 hakutajii panda wala sokwe. Anakutajia mambo mawili. La kwanza ni wakimbizi: Aprili ile yalianza mauaji Burundi, watu zaidi ya laki moja wakauawa, na waliookoka wakawa wanavuka mpaka kuingia Kigoma na vitoto mgongoni. La pili ni Operesheni, watu kuhamishwa kwenye mashamba yao na kupangwa vijijini. Wale waliovuka mwaka ule, ni wangapi waliandikiwa tanzia kwenye gazeti lolote? Simwonei wivu Flo, wallahi. Alikuwa na mtu wa kumwandika, basi. Kinachouma ni kwamba umbali wa saa chache kutoka pale walikuwa wanapita binadamu wasio na wa kuwaandika.

Turudi kwa Wachina, kwa sababu wao walijifunza kitu. Walipoona panda ana nguvu hiyo, wakaacha kumgawa. Tangu miaka ya 1980 panda hatolewi zawadi nchi za nje, anaazimwa. Anaondoka na mkataba, mara nyingi wa miaka kumi, mpokeaji analipa mpaka dola milioni moja kwa mwaka kwa jozi, na akizaa huko mtoto ni wa China, sharti arudi. Yaani panda akizaliwa Washington anakuja kupelekwa kwao kama mjukuu aliyekuwa likizo. Na huko aliko analishwa mianzi inayoweza kufika kilo 38 kwa siku, gharama ya mwenyeji.

Sasa wekeni hilo pembeni mwa la kwetu. Novemba 2010 ndege kubwa ya jeshi la Qatar ilitua uwanja wa KIA, ikapakia wanyama hai na ndege zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne, ikaondoka. Nchi ilikuja kujua baadaye, Bunge likawaka moto 2011, nyie wenyewe mnakumbuka au mlisimuliwa, "twiga waliopanda ndege". Machi 2016 wakakamatwa tumbili 61 palepale KIA wakiwa njiani kupelekwa Albania, ndipo serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje.

Na Qatar hiyohiyo, Oktoba 2022, kabla ya Kombe la Dunia, ikapokea panda wawili kutoka China, Suhail na Thuraya. Wamejengewa nyumba maalumu yenye ubaridi pale Al Khor. Wana majina, wana mkataba, kila mtu anajua ni mali ya nani. Twiga wetu wanne walifika nchi ileile miaka 12 kabla. Mnaweza kunitajia jina la hata mmoja?

Hapo ndipo penye somo. Mnyama anayeondoka na jina na karatasi anabaki wa kwenu hata akiwa mbali. Asiye na jina wala karatasi anapotea siku anayoondoka. Twiga wa Malindi wa 1415 mpaka leo ni wa Malindi. Twiga watatu wa 1958, waliokwenda nchi ileile, ni wa risiti. Waliotangulia miaka mia tano walituzidi maarifa!

Kuna waliowahi kurudi lakini. Nilisema tutakutana na Grzimek tena. Kati ya 1966 na 1969 yeye na wenzake wa Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka bustani za Ulaya, wakawaachia kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Wengi wao walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wadogo, wakaishi miaka kwenye vizimba. Wazee wa hekima walisema hawataweza. Wakaweza. Walijifunza kula matunda ya msituni, wakajenga viota juu ya miti, wakazaa, na watoto na wajukuu wao wapo mpaka leo pale Rubondo, ambayo sasa ni hifadhi ya taifa. Kwa hiyo anayesema mali iliyokwenda haiwezi kurudi, mwelekezeni Geita.

Nimalizie na jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 waasi wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati ule, walivamia Gombe wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa nje wakaondolewa. Kazi iliyoanza 1960 ingeweza kufa palepale. Haikufa. Vijana wa vijiji vya ziwani, kina Hilali Matama ambaye alianza kuwafuata sokwe mwaka 1968, waliendelea kuamka kabla ya jua, kuwafuata sokwe kutoka kiota mpaka kiota, na kuandika. Na waliandika kwa Kiswahili. Wadau, mnalijua hilo? Utafiti wa sokwe uliodumu kuliko karibu yote duniani, ambao maprofesa wanautolea vitabu vikubwa, sehemu kubwa ya daftari zake za kila siku ni Kiswahili, mwandiko wa watu wa Kigoma. Jane Goodall amefariki Oktoba 2025, dunia nzima imemlilia, na alistahili. Lakini zile daftari hazikuandikwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba sisi hatujui kutoa majina na kutunza kumbukumbu. Tunajua, tena kwa lugha yetu. Ila tumeifanya kazi hiyo kwa sokwe tu, na kwa sababu mtu wa nje aliiomba. Kwa wakamataji wa twiga, kwa wapagazi wa Ujiji, kwa waliovuka mpaka 1972, daftari zao ziko wapi?

Mimi nasomea ualimu wa historia. Mungu akipenda nitasimama mbele ya watoto, na nikiombwa kuchagua nitachagua mkoa wangu. Sitaki kuwafundisha biashara ya masafa marefu kama kitu kilichoisha na Tippu Tip. Nitawapa kazi ya nyumbani, nendeni kwa babu na bibi, muulize nani alifanya kazi gani, alibeba nini, alivuka wapi, na mtaje kwa jina. Daftari moja, kwa Kiswahili. Wakifika arobaini darasani, nina majina arobaini ambayo hayamo kwenye kitabu chochote.

Na wewe rafiki yangu wa Beijing ukisoma haya, panda wako ni mzuri, sina ugomvi naye. Siku ukirudi likizo tuonane Kibirizi asubuhi, boti za abiria zinazokwenda Mwamgongo zinapita palepale Gombe. Nauli yako, chapati zangu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mzee nyumbani aliyewahi kufanya kazi ya kukamata au kusafirisha wanyama enzi hizo, amwandike kabla hajachelewa, halafu atupe habari. Tuonane wiki ijayo, kama bumu litakuwa limeingia.